Pesa za Marehemu Kwenye Simu: Kujua PIN Si Ruhusa ya Kuzitoa

Kama umefika hapa kwa sababu umefiwa, pole sana. Tunajua si wakati wa kusoma makaratasi. Lakini siku zile za kwanza, watu wakiwa wamejaa nyumbani na simu ya marehemu iko mezani inalia, ndizo siku ambazo makosa mengi hufanyika. Mengi hayafanywi na wezi. Hufanywa na watoto na wajane wenye nia njema kabisa.

Somo la leo ni refu kidogo, lakini jambo lake kuu ni moja: mtu akifariki, pesa zake za simu huwa sehemu ya mirathi kama vile shamba au akaunti ya benki. Hata kama unajua PIN, hata kama wewe ndiwe mke au kifungua mimba, bado si zako kuzitoa. Kuna njia yake, na tutaipitia hatua kwa hatua.

Tuanze na mfano

Huu ni mfano tuliotunga, lakini tunajua wengi mtaona familia mnayoifahamu ndani yake.

Fundi wa mbao huko Nakuru anafariki ghafla, bila wosia. Ameacha mke, watoto wawili, na kijana mwingine aliyempata kabla ya kuoa, ambaye alikuwa akimlipia karo. Kwenye simu yake kuna shilingi 68,400. Kifungua mimba anaijua PIN kwa sababu baba alikuwa akimtuma kununua tokeni za stima.

Usiku wa pili wa matanga, bili ya mochari inazidi kupanda na jeneza halijanunuliwa. Mjomba anasema, "Si baba yako ana pesa kwa simu? Toa tumzike." Kijana anajitumia shilingi 30,000. Kwa nia njema. Jeneza linanunuliwa, watu wanakula, mzee anazikwa kwa heshima.

Wiki moja baadaye wanakuja wazee watatu wa chama. Marehemu alikuwa mweka hazina wao, na katika zile 68,400, shilingi 41,000 zilikuwa za chama. Sasa kwenye simu zimebaki chini ya 38,400. Hata pesa za wenyewe hazijatimia. Yule kijana mwingine naye anauliza mbona hakuhusishwa. Shangazi anauliza 30,000 zote zilienda kwa jeneza gani. Risiti hakuna. Na taarifa ya akaunti inaonyesha wazi: pesa zilitumwa kwa laini ya kifungua mimba, siku mbili baada ya kifo.

Kijana hakuiba. Lakini hebu mwambie athibitishe hivyo.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ndiyo inayosimamia mambo haya. Kifungu cha 45 kinakataza mtu yeyote kuchukua, kutumia au kuuza mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Tena uliyegusa mali unaweza kutakiwa kuwajibika kwa wasimamizi halali kwa kile ulichochukua.

Kwa nini sheria iwe kali hivyo? Kwa sababu kabla ya mtu yeyote kurithi, kuna wengine walio mbele kwenye foleni. Gharama za mazishi zinazostahili, madeni ya marehemu, na pesa za watu alizokuwa amewekewa. Kinachobaki ndicho urithi. Ukitoa pesa kabla hesabu hiyo haijafanywa, huwezi kujua umetoa ya nani.

Siku za kwanza: fanya mambo haya manne

1. *Hifadhi simu na laini.* Familia ichague mtu mmoja wa kuiweka, na wengine wote wajue ni nani. Usitupe laini wala usimpe mtoto simu achezee. Laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa na namba kupewa mtu mwingine. Hilo halifuti pesa, kwa sababu zimeandikwa kwa jina na kitambulisho cha marehemu, lakini linaongeza usumbufu.

2. *Usijaribu PIN.* Usibahatishe, usiombe fundi wa simu "aifungue", na usibadilishe laini kwa kujifanya wewe ndiwe marehemu.

3. *Toa taarifa.* Piga simu kwa huduma kwa wateja ya kampuni yako ya pesa za simu, au fika dukani, useme mwenye akaunti amefariki. Akaunti ikishawekewa zuio, hakuna pesa itakayotoka. Hii inamlinda kila mtu, hata wewe unayeshukiwa na shangazi.

4. *Andika unachokijua.* Daftari la kawaida linatosha. Marehemu alikuwa na laini ngapi? Benki gani? Sacco gani? Chama gani? Nani anamdai na nani anadaiwa naye? Andika sasa hivi wakati kumbukumbu ziko moto na jamaa wote wapo.

Basi mazishi yatalipwa na nini?

Hili ndilo swali gumu, na hatutaki kulikwepa. Mwili uko mochari na bili haingoji mahakama.

Jibu la kwanza ni mchango. Fungua namba tofauti ya michango, isiwe laini ya marehemu. Michango inayotumwa kwa laini yake inachanganyika na mirathi na inaweza kukwama humo. Chagueni mweka hazina mmoja na mtu wa pili wa kuangalia hesabu, na kila jioni msome kwa familia kilichoingia na kilichotoka.

Jibu la pili ni kuuliza kama marehemu alikuwa na bima ya mazishi. Sacco nyingi, vyama vya wafanyakazi na waajiri huwa na fungu la kufariji wanachama. Watu wengi hawaulizi hadi miezi ipite.

Jibu la tatu: ukitoa pesa zako mwenyewe, weka risiti. Jeneza, gari, mochari, chakula, kila kitu. Gharama za mazishi zinazostahili hulipwa kutoka kwa mali ya marehemu kabla ya mgao wa urithi. Mwenye risiti ana la kuonyesha, asiye nazo ana maneno tu. Kama kijana wa Nakuru angekopa zile 30,000 kwa rafiki na kuweka risiti, angerudishiwa kwa utaratibu, tena bila kesi ya kujibu.

Njia ya kisheria, hatua kwa hatua

*Hatua ya 1: Kusajili kifo.* Mtu akifia hospitalini, hospitali hutoa taarifa ya kifo. Akifia nyumbani, nenda kwa naibu wa chifu. Hapo ndipo kibali cha mazishi hutoka. Usiishie hapo! Wengi huzika na kibali kisha husahau cheti. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Cheti hutolewa na idara ya usajili wa raia, na unaweza kukiomba kupitia eCitizen au kupata msaada Huduma Centre. Fanya mapema, maana baada ya miezi 6 inakuwa usajili wa kuchelewa na maswali huongezeka.

*Hatua ya 2: Barua ya chifu.* Barua hii hutaja walioachwa na marehemu: mume au mke, watoto wote, na mara nyingine wazazi. Ndiyo barua inayoleta vita vingi, kwa sababu hapa ndipo watu hujaribu kumwacha mtu nje. Usifanye hivyo. Kwenye mfano wetu, yule kijana mwingine lazima awemo. Kibali cha mahakama kilichopatikana kwa kuficha mrithi kinaweza kufutwa baadaye, hata kama mali imeshagawanywa.

*Hatua ya 3: Barua ya salio.* Ukiwa na cheti cha kifo na kitambulisho chako, omba kampuni ya pesa za simu ikueleze kile itakachohitaji ili kuthibitisha salio la marehemu. Fanya vivyo hivyo benki na Sacco. Kwa nini sasa? Kwa sababu utahitaji takwimu hizi mahakamani. Familia nyingi huorodhesha shamba, ng'ombe na akaunti ya benki, halafu husahau pesa za simu. Kibali kikitoka bila kuzitaja, inabidi kurudi mahakamani kurekebisha.

*Hatua ya 4: Kuomba usimamizi wa mirathi.* Kama kuna wosia, aliyetajwa kuusimamia ndiye anayeomba. Kama hakuna, mwenzi aliyebaki hupewa nafasi ya kwanza, kisha watoto na warithi wengine. Wasimamizi hawazidi wanne. Kama kuna watoto chini ya miaka 18 wanaorithi, kwa kawaida wanahitajika angalau wawili, ili mtu mmoja asibaki peke yake na mali ya watoto.

Fomu zinazotumika pale ambapo hakuna wosia ni kama P&A 80, ambayo ni ombi lenyewe, P&A 5, hati ya kiapo yenye orodha ya mali na madeni, na P&A 38, ambapo warithi wengine wanaonyesha wamekubali. Andika pesa za simu kwenye P&A 5, pamoja na namba ya simu.

Si lazima uende Mahakama Kuu. Mahakama za mahakimu zinaweza kusikiliza mirathi ya hadi shilingi milioni 20, kutegemea cheo cha hakimu. Kwa Waislamu, Mahakama ya Kadhi husikiliza mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Na familia ambayo mali ni kidogo na haiwezi wakili, inaweza kuuliza ofisi ya Mdhamini wa Umma iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu.

*Hatua ya 5: Tangazo na kungoja.* Ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Kenya, na mwenye pingamizi hupewa muda usiopungua siku 30. Bila pingamizi, mahakama hutoa kibali cha usimamizi.

*Hatua ya 6: Kuthibitisha kibali.* Hapa ndipo watu hushangaa. Kibali cha kwanza kinakupa kazi ya kukusanya na kulinda mali, bado si kugawa. Baada ya miezi 6, msimamizi hurudi mahakamani kuomba kithibitishwe, na hapo mahakama husema nani anapata nini. Mahakama inaweza kuthibitisha mapema kama kuna sababu, kwa mfano warithi wote wakubaliane.

*Hatua ya 7: Kulipwa.* Beba cheti cha kifo, kitambulisho chako, na nyaraka za mahakama hadi kwa kampuni ya pesa za simu. Pesa hulipwa kwa msimamizi au kwa warithi waliotajwa, si kwa yeyote aliyefika kwanza.

Kuna haraka ya kweli? Omba kibali cha muda

Mara nyingine huwezi kungoja. Wapangaji wanalipa kodi kwenye laini ya marehemu, mkopo wa benki unaliwa na riba, au duka lina bidhaa zinazooza. Sheria inaruhusu kuomba kibali cha muda cha kukusanya na kulinda mali. Hakikuruhusu kugawa chochote, lakini kinakupa mamlaka ya kuzuia mali isipotee. Muulize karani wa mahakama au wakili. Ni bora kuliko kutumia PIN gizani.

"Lakini mimi ndiye nimeandikwa kama mtu wa karibu!"

Swali hili tunaliona kila mara. Mtu wa karibu ni wa kupigiwa simu na kupewa taarifa. Kuandikwa kwako hospitalini, kazini au kwenye fomu ya kusajili laini hakukufanyi mrithi wa kila kitu.

Lakini kuna pesa zinazofuata njia tofauti, na ni vizuri uzijue:

- *Hisa na akiba za Sacco.* Mwanachama huandika mteule, na Sacco inaweza kumlipa mteule huyo bila kungoja mahakama.
- *Pensheni.* Mafao ya kifo hulipwa na wadhamini wa mfuko kwa kufuata kanuni zake, na kwa kawaida hayahesabiwi kwenye mirathi.
- *Bima ya maisha.* Hulipwa kwa aliyetajwa kwenye bima.

Kwa hiyo anza na hizi. Zinaweza kulisha nyumba huku kesi ya mirathi ikiendelea.

Nani anarithi kama hakuna wosia?

Kwa ufupi tu, maana kila familia ina mambo yake:

- *Kuna mwenzi na watoto:* mwenzi hupata vitu vyake vya nyumbani na vya kibinafsi vya marehemu, na hubaki na haki ya kutumia mali iliyosalia maisha yake yote, kwa ajili yake na watoto.
- *Kuna watoto bila mwenzi:* hugawana sawa.
- *Wake zaidi ya mmoja:* mali hugawanywa kati ya nyumba kwa kuangalia idadi ya watoto wa kila nyumba, na kila mke aliye hai huhesabiwa kama mmoja zaidi.

Mtoto wa kike ni mtoto. Aliyeolewa ni mtoto. Aliyezaliwa nje ya ndoa na marehemu akamkubali ni mtoto. Sheria ya Urithi haina mtoto wa nusu. Kwa Waislamu, mafungu hufuata sheria ya Kiislamu, baada ya mazishi na madeni kulipwa.

Madeni na pesa za wenyewe

Mikopo ya simu, ya benki na ya Sacco hulipwa kutoka kwa mali ya marehemu. Mjane hailipi kwa mshahara wake kwa sababu tu alikuwa mke. Ila kama ulitia sahihi kama mdhamini, au mlikopa pamoja, hilo ni deni lako pia.

Pesa za chama ni jambo lingine. Hazikuwa za marehemu kamwe, alizishika tu. Wanachama walete daftari la mahesabu, kumbukumbu za mikutano na ujumbe wa malipo, wamwonyeshe msimamizi wa mirathi. Na kama wewe ni mweka hazina unasoma hapa, tafadhali: toeni pesa za chama kwenye laini yako leo. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Shida ya wale wazee watatu wa Nakuru ilianza zamani, siku walipoamua pesa zikae kwa simu ya mtu mmoja kwa sababu ni mwaminifu. Alikuwa mwaminifu kweli. Lakini uaminifu hauzuii kifo.

Chunga matapeli wa matanga

Matangazo ya vifo huwa na majina, namba za simu na mahali pa mazishi. Matapeli husoma pia. Utapigiwa simu: "Marehemu ana malipo ofisini kwetu, tuma ada kidogo tukufungulie faili." Au: "Tupe PIN yake tuhamishe pesa." Sisi hatuombi PIN, iwe yako au ya marehemu. Kata simu, kisha upige mwenyewe kwa namba rasmi.

Maswali mengine mnayouliza

*Pesa zikikaa miaka, zinapotea?*
Hapana. Pesa za wateja huwekwa kwenye akaunti za amana, si mali ya kampuni. Zikikaa bila mwenyewe kwa muda uliowekwa na sheria, hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, na warithi wanaweza kuzidai huko. Piga *361# uangalie kama kuna chochote kwa jina la marehemu.

*Ni elfu tatu tu. Kweli niende mahakamani?*
Usizitoe kwa PIN, lakini pia usikate tamaa. Uliza kwanza dukani kuna utaratibu gani kwa salio dogo, na uulize ofisi ya Mdhamini wa Umma. Kama tayari mnafungua kesi ya mirathi kwa ajili ya shamba, ongezeni tu pesa hizo kwenye orodha ileile.

*Nilishatoa pesa kabla ya kusoma hapa. Nifanye nini?*
Usifiche. Andika kiasi ulichotoa, tarehe na kilichofanyiwa. Tafuta risiti zilizopo. Waambie warithi wengine mapema, na msimamizi akipatikana, mpe hesabu hiyo. Kilichobaki mkononi, kirudishe.

Fanya leo, ukiwa mzima

Ukishamaliza kusoma, chukua nusu saa ufanye haya:

- Andika mahali familia itapaona: laini zako, benki, Sacco, chama, bima, na mikopo. *Usiandike PIN.*
- Angalia mteule wako Sacco na kwenye pensheni. Wengine bado wameandika mtu waliyeachana naye miaka 10 iliyopita.
- Andika wosia. Uwe na miaka 18 au zaidi na akili timamu, utie sahihi, na uwe na mashahidi wawili. Shahidi asiwe mtu unayemwachia mali, wala mume au mke wake, la sivyo anaweza kukosa alichoachiwa. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili unakubalika pia, lakini kwa kawaida una nguvu ukifariki ndani ya miezi 3 tangu uliposema.
- Tenganisha pesa zako na za watu.

Yule fundi wa Nakuru angeacha karatasi moja tu yenye maneno "41,000 ni za chama", kijana wake angejua cha kumjibu mjomba usiku ule. Kama kuna mtu wako anayejua PIN yako, mwambie leo pesa zipi ni zako na zipi si zako.

*Makala haya ni ya kuelimisha tu, hayachukui nafasi ya wakili. Kama una kesi au mgogoro, tafuta ushauri wa kisheria kabla ya kuchukua hatua.*